Maswali yaliyonishinda kaunta: mwongozo wa mkutubi anayejinoa mwenyewe mtandaoni

Alikuja jioni, tumebakiza kama dakika ishirini tufunge. Mwanafunzi wa uuguzi, sare bado mwilini, simu mkononi. "Shikamoo dada." Nikaitikia. Akanionyesha kichwa cha makala aliyoagizwa kusoma, ya kifafa cha mimba, akauliza kama tunayo. Nikatazama simu yake, nikatupa jicho kwenye rafu yetu ya 610, ya vitabu vya tiba, nikamjibu kile ambacho wakutubi wengi wa wilayani tunakisema bila kufikiri: "Hiyo hatuna, mdogo wangu. Jaribu chuoni kwenu." Akashukuru, akaondoka.

Siku mbili baadaye, kwa udadisi tu, niliandika kichwa kile kile kwenye Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma. Makala ilikuwepo, nzima, bure, inapakuliwa. Hata dakika haikuisha.

Kutojua ni sehemu ya kazi yetu, hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba mwaka ule nilishahudhuria webina kadhaa, yaani mafunzo ya mtandaoni, vyeti vyangu vimejaa kwenye barua pepe, na kimoja kilihusu machapisho ya ufikiaji huria, yale yanayosomwa bure mtandaoni. Nilisoma, nikapewa cheti, na pale kaunta msomaji akaondoka mikono mitupu kama zamani.

Mwongozo huu ni njia niliyoitengeneza baada ya hapo. Ni ya wiki 12, saa mbili kwa wiki, na inaanzia kaunta kabla ya kufika mtandaoni. Nimeiandika nikimfikiria mkutubi aliye peke yake: wa maktaba ya wilaya, wa shule ya sekondari, wa chuo kidogo ambako yeye ndiye mkutubi, mhudumu wa stoo na mtu wa fotokopi. Mwenye idara ya watu kumi atachukua kinachomfaa.

Vitu vya kuwa navyo

Daftari la karatasi lenye jalada gumu. Simu janja, kompyuta ya ofisini ikiwa hai, vizuri zaidi. Akaunti ya barua pepe yako binafsi, maana ukihamishwa kituo, ya ofisi inaweza kubaki huko pamoja na kila ulichokihifadhi. Bando la kawaida, lisilo kubwa. Video ndizo zinazokula bando, na katika wiki hizi 12 utazitazama chache sana. Ukilazimika, shusha ubora wa picha hadi chini kabisa, kwa kuwa mtu anayezungumza juu ya katalogi huna haja ya kumwona nyusi.

Saa mbili nazo zipangie siku. Mimi nilichukua Jumatano asubuhi, ambapo wanafunzi wako darasani. Nilimwambia mkuu wangu wa kazi mapema kwamba saa ile nikionekana nimeinamia simu niko kazini. Usiliruke hilo. Mtu aliyeshika simu kaunta anahukumiwa haraka.

Hatua ya kwanza: wiki mbili za kuandika tu

Chora safu nne kwenye daftari: tarehe, alichouliza msomaji (kwa maneno yake mwenyewe), ulichomjibu, alichoondoka nacho. Kila swali usiloweza kulijibu vizuri, andika. Hata lile ulilolijibu nusu, andika. Usitafute chochote bado.

Wiki hizi mbili zina karaha yake. Siku ya pili utajikuta unasahihisha majibu yako ili yaonekane ya kitaalamu. Acha. Kama ulisema "hatuna" huku hujaangalia, andika hivyo hivyo. Daftari hili halisomwi na mtu mwingine.

Kuna mpaka mmoja usiovukwa: usiandike jina la msomaji, wala alama ya kumtambulisha. Mtu akiuliza juu ya dawa za kufubaza virusi, au talaka, au namna ya kuacha pombe, swali lake ni siri yake. Kanuni za maadili ambazo IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, ilizitoa mwaka 2012 zinagusa jambo hili, lakini hata bila kanuni, mji mdogo unajua kuunganisha vipande. "Mama muuza chapati wa kona" ni jina tosha. Andika "msomaji".

Haya ni baadhi ya maingizo ya daftari langu la kwanza, nimeyafupisha:

Msomaji, mtu mzima, anataka "kitabu cha mirathi ya Kiislamu". Nikaenda 297, rafu ya Uislamu, sikuona, nikamwambia hakipo. Aliondoka bila kitu.

Msomaji anataka hadithi za Kiswahili za mtoto wa darasa la kwanza, "zenye maandishi makubwa na picha". Tulikuwa na tatu, zote zimechanika. Aliondoka na moja.

Msomaji wa shahada ya uzamili anataka kujua jinsi ya kupanga marejeo ya tasnifu yake bila kuandika kwa mkono moja moja. Nikamwambia aulize chuoni.

Msomaji anauliza "vitabu vya sheria viko wapi". Nikamnyooshea kidole, 340. Alizunguka robo saa, akaondoka bila kuchukua kitu.

Hatua ya pili: panga marundo manne

Wiki ya tatu, kaa na daftari na kalamu ya rangi nyingine. Kila swali liingie kwenye rundo moja kati ya manne: sikujua pa kutafuta, tunacho lakini hakionekani, hatuna kabisa, sikumsikia.

Usiharakishe hapa, kwa sababu sisi wakutubi tumezoea kuamini kwamba shida zetu zote ni rundo la tatu. Hatuna vitabu, hatuna bajeti, basi. Kwenye daftari langu rundo hilo lilikuwa dogo kuliko nilivyotegemea, na la nne lilikuwa kubwa kuliko nilivyopenda.

Chukua yule wa mirathi. Siku ile sikuangalia 340.59, ambako mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, unaweka sheria ya Kiislamu, tofauti na 297 ambako uko Uislamu kwa jumla. Kitabu kilikuwa huko, kimesimama, kina vumbi. Hilo ni rundo la pili: tunacho, hakionekani. Na ukishaliona mara moja utaliona kila mahali, hasa kwenye 200, eneo la dini. Melvil Dewey alichapisha mfumo wake mwaka 1876 huko Marekani, na Ukristo ukapewa karibu eneo zima kuanzia 220 hadi 289, Uislamu ukabanwa ndani ya 297, na dini za jadi za Kiafrika zikasogezwa hadi 299.6. Ukifanya kazi Tanga, Lamu au Unguja, msomaji wako hawezi kubahatisha hilo. Ni wewe wa kulijua, na wa kubandika kibao kwenye rafu kinachosema "Mirathi na ndoa za Kiislamu: angalia pia 340.59".

Na yule wa "vitabu vya sheria" ni rundo la nne. Alirudi wiki iliyofuata, nikamuuliza safari hii: "Unataka kufanya nini hasa, mzee wangu?" Kumbe alitaka kuona barua ya kukata rufaa juu ya kiwanja inavyoandikwa. Hakuna webina ingenisaidia kwenye hilo. Rundo la nne halina programu ya kupakua. Lina swali moja la kuongeza kabla ya kunyoosha kidole.

Hatua ya tatu: tatizo moja, chombo kimoja, wiki nne

Hapa ndipo intaneti inaingia, na hapa ndipo wengi tunapotea.

Mwaka 2006, Helene Blowers wa maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg, North Carolina, aliwaandalia wafanyakazi wenzake orodha ya mambo 23 ya kujaribu mtandaoni, kila mtu kwa wakati wake, na baada ya kila jambo unaandika umeonaje. Aliyemaliza yote alipata kifaa cha MP3. Mpango ule ulienea kwenye maktaba za nchi nyingi, na mwaka 2011 wakutubi wa Uingereza wakatengeneza wa kwao, cpd23. Nilipoifungua orodha ya kwanza nilicheka kidogo: Bloglines, Technorati, Delicious, vyombo vya kufuatilia blogu na kuhifadhi viungo vya tovuti. Vyombo hivyo leo havipo, au vimebaki jina tu. Aliyejifunza Bloglines peke yake alipoteza muda. Aliyezoea kujaribu kitu, kukiandika na kukihukumu, mazoea hayo anayo hadi leo.

Kwa hiyo usianze na orodha ya vyombo. Chukua rundo lenye maswali mengi kati ya matatu ya kwanza, chagua tatizo moja ndani yake, kisha chombo kimoja. Vingine vingoje. Nitaeleza njia ninazozijua vizuri. Soma ile inayoendana na rundo lako, nyingine zipitie kwa macho tu.

*Kama wasomaji wako wanatafuta makala za kitaaluma.* Hii ndiyo iliyonihusu. Wiki ya kwanza, chukua vichwa vitano vya makala vilivyowahi kuulizwa. Andika kila kimoja kwenye Google Scholar ukikifunga kwa alama za kunukuu. Tazama upande wa kulia wa matokeo: kukiwa na kiungo cha PDF, umepata. Kisipokuwepo, bonyeza mstari wa chini unaoonyesha matoleo mengine ya makala hiyo hiyo. Mara nyingi nakala huru imewekwa kwenye hifadhi ya chuo cha mwandishi. Wiki ya pili, rudia zoezi ukitumia DOAJ, saraka ya majarida ya ufikiaji huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, na AJOL, ambayo tangu 1998 inakusanya majarida yanayochapishwa Afrika. Kwa masomo ya afya ongeza PubMed Central, hifadhi ya bure ya makala za tiba. Kwenye kompyuta, weka Unpaywall, programu ndogo ya nyongeza, ndani ya kivinjari. Ukifungua ukurasa wa makala inayouzwa na kukawa na nakala halali ya bure, kitufe chake kinageuka kijani.

Wiki ya tatu ni ya Research4Life. Huu ni mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu bure au kwa bei nafuu sana. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza 2002, ikafuata AGORA ya kilimo mwaka 2003, kisha OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Kinachosajiliwa ni taasisi, si mtu, na maktaba ya wilaya kama yangu haina nenosiri lake. Lakini chuo cha uuguzi, hospitali ya rufaa au chuo kikuu kinaweza kuwa nalo, na wanafunzi wengi hawajui. Jibu langu la "jaribu chuoni kwenu" lingekuwa la maana kama ningeongeza maneno machache: "Muulize mkutubi wa chuo nenosiri la Hinari." Basi wiki hiyo piga simu kwenye vyuo na hospitali za eneo lako, uulize kama wamesajiliwa na nani anashughulikia. Usiombe nenosiri lenyewe. Halitakiwi kutoka nje ya taasisi, na ukilibandika ukutani unaweza kuwafungia mlango wote.

Wiki ya nne, rudi kwenye vichwa vile vitano na saa ya mkononi. Je, unaweza kumjibu msomaji akiwa bado amesimama mbele yako?

*Kama vitabu mnavyo lakini havionekani.* Kazi yako ni katalogi, na mwalimu wako wa bure ni katalogi za wengine. Chukua vitabu kumi vyenye utata kwenye rafu. Tafuta kila kimoja kwa ISBN, ile namba iliyo nyuma ya ukurasa wa jina, kwenye katalogi ya Library of Congress. Maktaba hiyo ya Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya kanda yetu, ndiyo maana utashangaa kukuta huko kijitabu ulichodhani kinajulikana wilayani kwako tu. Fungua rekodi kwa mwonekano wa MARC, muundo ambao kila taarifa ya kitabu ina namba yake. Usiogope tarakimu: 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 650 ni mada, 082 ni namba ya Dewey. Linganisha na namba iliyo kwenye mgongo wa kitabu chako.

Vitabu vya Kiswahili mara nyingine vitakuwa na PL8704, ambayo ni ya mfumo wao wenyewe, bila 082. Hapo utaainisha mwenyewe, na ni zoezi zuri kuliko lolote nililowahi kufanya. Lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake ni 896.392, ukiongeza 1 mwishoni ni ushairi, 2 ni tamthilia, 3 ni riwaya. Nimekuta diwani za mashairi zimelala pamoja na vitabu vya sarufi kwenye 496 miaka na miaka. Historia nayo ina mitego yake: Tanzania ni 967.8, Zanzibar 967.81, Kenya 967.62.

Kama maktaba yako inatumia Koha, au kuna fununu ya kuianza, fungua mojawapo ya tovuti zake za majaribio uingize vile vitabu kumi. Koha ni programu huria ya kuendeshea maktaba. Ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ukikosea kwenye tovuti ya majaribio humharibii mtu kitu.

*Kama hamna vitabu vya watoto.* African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliofunguliwa 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili na za lugha nyingine za Afrika, zenye leseni huria. Unaweza kuzipakua, kuzichapa na kuzibana kwa stepla. Somo la kujifunza hapa ni leseni zenyewe. Jifunze kusoma alama za Creative Commons: BY, mtaje mwandishi, NC, usiuze, ND, usibadilishe. Chapa hadithi tano, ziweke kaunta, uone zipi zinarudi zimechakaa. Hizo ndizo zinazopendwa.

*Kama wasomaji wanahangaika na marejeo.* Zotero, programu ya kukusanya na kupanga marejeo. Ni ya bure, ilitoka 2006 Chuo Kikuu cha George Mason. Iweke kwenye kompyuta, ingiza vitu ishirini, mfundishe mtu mmoja. Hadi umefundisha, hujaijua.

*Kama mna vitabu vya mahali penu ambavyo dunia haivijui.* Hii nimeiweka mwisho lakini ndiyo niipendayo. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na makala zake nyingi za wilaya, makabila na watu maarufu hazina chanzo hata kimoja. Wewe una kabati la vitabu vya historia ya eneo. Kila mwaka, 15 Januari hadi 5 Februari, na tena 15 Mei hadi 5 Juni, kuna kampeni iitwayo 1Lib1Ref, iliyoanza 2016: kila mkutubi aongeze rejeo moja. Fungua akaunti, tena usitumie jina la ofisi. Tafuta makala unayoifahamu vizuri. Tafuta ndani yake sentensi moja ambayo kitabu chako kinaithibitisha, ukurasa kabisa ukiwa mbele yako. Bonyeza Hariri, weka kishale mwishoni mwa sentensi, ingiza rejeo: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ukurasa. Hifadhi. Sentensi isipothibitishwa na kitabu chako, usilazimishe. Nilitumia Jumatano nzima kwa rejeo moja kwa sababu vitabu vyangu viwili vilitofautiana juu ya mwaka, na asubuhi ile nilijifunza kuhakiki chanzo kuliko kwenye cheti chochote nilicho nacho.

Webina sijazisahau. WebJunction, ambayo ni ya OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, ina kozi za bure kwa wakutubi, na AfLIA, umoja wa vyama na taasisi za maktaba za Afrika wenye makao Accra, huendesha mafunzo yanayozungumzia maktaba zenye umeme wa kukatika kama zetu. Ingia kwenye webina ukiwa na swali kutoka kwenye daftari. Swali likijibiwa dakika ya kumi, ondoka.

Hatua ya nne: andika tafakuri, kurasa mbili za daftari, si zaidi

Mwisho wa kila Jumatano, dakika 20 za mwisho ni za kuandika. Hatua hii ndiyo watu wanaiacha kwanza, na ndiyo iliyotenganisha wiki hizi na ile miaka yangu ya vyeti.

Tumia maswali matatu: Nini kilitokea? Kwa hiyo? Sasa nifanye nini? Mwalimu Mmarekani Terry Borton aliyatoa mwaka 1970, na baadaye John Driscoll akayafanyia kazi kwa ajili ya wauguzi Uingereza. Kuna pia mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988 wenye hatua sita, hisia zikiwemo. Ukiupenda utumie. Mimi siku yenye foleni ya wanafunzi wa kidato cha nne sina nguvu ya hatua sita.

Tofauti ya tafakuri nzuri na mbovu inaonekana kwa mfano. Hii ni yangu ya wiki ya nne:

"Leo nimejifunza Google Scholar. Ni chombo kizuri sana na chenye manufaa kwa wasomaji. Nitaendelea kukitumia."

Isome tena. Hakuna kitu. Ungeweza kuiandika bila kufungua hata ukurasa mmoja. Sasa hii ya wiki ya sita:

"Vichwa vitano: vitatu nimevipata, viwili hapana. Vile viwili nilikuwa nimekosea tahajia ya jina la mwandishi kwa sababu msomaji aliniandikia kwa mkono nami nikanakili bila kuuliza. Kwa hiyo tatizo limeanzia kwenye karatasi, mtandao hauna kosa. Halafu nimegundua kwamba nikikosa mara ya kwanza nasema 'hakuna' haraka, kama ninaona aibu kutafuta mbele ya mtu. Wiki ijayo: msomaji anipigie picha ya kichwa cha makala, na nimgeuzie kioo cha kompyuta tutafute wote wawili."

Ya pili ina idadi, ina kosa lenye jina, ina kitu kimoja ninachokijua juu yangu ambacho sikukitegemea, na ina tendo la wiki ijayo ambalo mtu angeweza kunikagua kama nimelifanya. Huo ndio mtihani wa sehemu ya "Sasa nifanye nini": je, mtu mwingine angeona umefanya? "Nitaongeza juhudi" haionekani. Kugeuza kioo kunaonekana.

Ukipenda kuandika kwa simu, sawa, ila weka nenosiri na usiweke kwenye folda mnayotumia pamoja ofisini. Nimeona mwenzangu akikoma kuandika ukweli siku aliyojua kwamba bosi anaweza kufungua.

Hatua ya tano: mwenzako mmoja

Tafuta mkutubi mmoja wa kituo kingine, mliyesoma naye Bagamoyo au Eldoret au popote. Mmoja tu. Makundi ya WhatsApp ya watu mia mbili yana faida yake, lakini huko tunapongezana na kutumiana mabango. Kila Ijumaa mtumie ujumbe wa sauti wa dakika tatu: swali lililokushinda wiki hii na ulichojaribu. Naye akutumie lake. Mkubaliane kwamba hakuna anayetoa ushauri kabla ya kuuliza swali moja kwanza. Kanuni hii ni ngumu kuliko inavyoonekana, hasa ukiwa na mwenzako anayekuzidi miaka kazini. Mimi wangu ni dada yangu kikazi, nilimwomba kwa heshima, na bado kila mara ananikatiza.

Wiki ambayo umeme umekatika, au uko kwenye ukaguzi wa vitabu, ujumbe huo wa dakika tatu ndio unaoshika uzi. Jumatano ikiruka, isifidiwe kwa saa nne wiki inayofuata. Endelea ulipoishia.

Hatua ya sita: kitu cha kumwonyesha mkuu wa kazi

Daftari ni lako, lakini ukimya nao una gharama. Wiki ya kumi na moja, chota kutoka kwenye daftari ukurasa mmoja usio na siri ya mtu: tatizo, nilichojaribu, kilichobadilika kaunta, ninachohitaji. Kwa mtumishi wa umma Tanzania, PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya OPRAS, inakutaka uoneshe ulichopanga na ulichotekeleza, na "nimehudhuria mafunzo" inasomeka dhaifu kuliko "vitabu kumi vimeainishwa upya na vibao vitatu vimewekwa kwenye rafu". Kwa shule binafsi, mpe mwalimu mkuu ukurasa huo huo.

Weka pia kabrasha dogo kwenye barua pepe yako: picha za vibao vya rafu, orodha ya marejeo uliyoongeza Wikipedia (akaunti yako inayahifadhi yenyewe), karatasi uliyoandalia wasomaji. Siku ya usaili vitu hivi vinazungumza.

Wiki ya kumi na mbili

Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Jibu upya kila swali la zile wiki mbili za mwanzo, kama vile msomaji amesimama mbele yako, ukijipa dakika tano kwa kila moja. Weka alama ya vema kwa uliyoyaweza. Yaliyobaki yagawe: yale ya "hatuna kabisa" yageuze kuwa orodha ya kununua au kuomba msaada, yenye maneno halisi ya wasomaji pembeni, maana mfadhili au afisa akisoma "hadithi za darasa la kwanza zenye maandishi makubwa na picha, zimeulizwa mara kwa mara" anaelewa haraka kuliko akisoma "upungufu wa vitabu". Mengine ndiyo mwanzo wa daftari linalofuata.

Halafu chora tena zile safu nne kwenye ukurasa mpya. Mimi nimeongeza kitu kimoja nje ya daftari: namba ya simu ya msomaji, kama mwenyewe ameridhia, naiandika kwenye karatasi ya pembeni ambayo naichana nikishampigia. Nilikuwa nayo wiki iliyopita, alipokuja kijana kuulizia utafiti wa ugonjwa wa mihogo nikakosa pale pale. Nilimpigia kesho yake saa nne asubuhi.